Sauti za Watazamaji: Historia ya Maoni Kuhusu Sinema na Televisheni katika Kitale na Bungoma

Historia ya sinema katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata nyayo za waliotengeneza filamu, serikali zilizozikagua na wafanyabiashara waliozisambaza, huku mtazamaji akitajwa kwa idadi tu, kana kwamba kazi yake ilikuwa kulipa kiingilio, kukaa na kuondoka. Katika miji ya Kitale na Bungoma, iliyoko magharibi mwa Kenya karibu na Mlima Elgon, mtazamaji huyo hakuwahi kunyamaza. Tangu enzi za gari la sinema la serikali ya kikoloni hadi zama hizi za simu ya mkononi, picha zilizoonyeshwa zimeandamana na mazungumzo: watu wameulizana nani alikosea, nani alistahili kufa, kwa nini mke alivumilia, na kama mwisho wa hadithi ulikuwa wa haki. Makala haya yanafuatilia historia ya mazungumzo hayo, yaani maoni ya watu wa kawaida kuhusu filamu na vipindi walivyotoka kuvitazama, na yanashikilia kwamba maoni hayo ni nguzo mojawapo ya historia ya sinema yenyewe, kwa kuwa kila chombo kipya kilipoingia kilibadilisha nani mwenye haki ya kusema, kwa lugha gani na mbele ya nani.

Miji miwili, hadhira mbili

Kitale na Bungoma ni majirani, lakini zilikua kwa njia tofauti, na tofauti hiyo ilijitokeza baadaye katika namna watu walivyotazama na kuzungumza. Kitale ulikuwa mji wa walowezi, yaani Wazungu waliopewa au kuuziwa ardhi ya kilimo, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia mashamba askari wa Kiingereza uliongeza idadi yao katika Trans Nzoia. Reli ya tawi kutoka upande wa Eldoret ilipofika mwaka 1926, mji ukawa kituo cha kusafirishia mahindi na mazao mengine. Wafanyakazi wa mashamba hayo walitoka katika jamii nyingi, wakiwemo Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Wanandi na Waturkana, na baada ya uhuru mashamba yalipogawanywa kupitia mipango ya makazi na vyama vya ununuzi wa ardhi, wakaongezeka Waafrika wengine kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Katika mchanganyiko huo, Kiswahili kikawa lugha ya soko, ya shamba na ya starehe.

Bungoma kwa upande wake ulikua kando ya reli kuu iendayo Uganda, katikati ya nchi ya Wabukusu, pamoja na majirani zao Watachoni, Wasabaot wa miteremko ya mlima na Wateso wa upande wa mpakani. Hapa Kilubukusu kilibaki na nguvu nyumbani na barazani, na pamoja nacho ilibaki desturi ya kusema hadharani ambayo haina budi kutajwa katika historia hii. Desturi hiyo ni kumuse, hotuba ndefu inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye heshima na msemaji maalumu, ambaye hutembea mbele ya waombolezaji akisimulia asili ya koo, akisifu matendo mema na kukemea mwenendo mbaya wa walio hai. Jamii iliyozoea kumsikiliza msemaji wa aina hiyo, na kujadili usiku kucha kama alisema kweli, haikuhitaji kufundishwa kwamba hadithi inayosimuliwa mbele ya watu ni jambo la kupimwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia. Kwa hiyo hadhira inayozungumziwa hapa si ndogo, ingawa vitabu vya sinema ya Kenya huishia Nairobi na Mombasa.

Gari la sinema na mtazamaji aliyedharauliwa

Filamu zilizowalenga Waafrika wa vijijini zilianza kutengenezwa kwa mpango maalumu kati ya mwaka 1935 na 1937, pale mradi wa majaribio ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt na kufadhiliwa na Shirika la Carnegie la Marekani ulipoweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika. Mradi huo ulitengeneza filamu fupi kuhusu mambo kama benki ya akiba ya posta na ugonjwa wa safura, pamoja na ngano ya sungura na chui, na magari yake yakazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti haikuwa imeunganishwa na picha. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, au yalisemwa papo hapo na mtu aliyeshika kipaza sauti. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, chini ya uongozi wa William Sellers, na idara hiyo ikaendeleza mtindo uleule wa gari lenye jenereta, projekta, pazia jeupe na mkalimani.

Mkalimani huyo ndiye mtoa maoni wa kwanza anayeonekana wazi katika historia hii. Alisimama kando ya pazia au ndani ya gari, akaeleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali yale ambayo watazamaji waliyaona, na kazi yake rasmi ilikuwa kuhakikisha kwamba wanaelewa kama serikali ilivyotaka waelewe. Hata hivyo, mtu anayesimulia picha kwa lugha ambayo bwana wake haijui ana uhuru wake: anaweza kurefusha panapochekesha, kufupisha panapochosha na kutaja jina la mtu wa kijiji kile ili watu waangue kicheko. Katika nafasi hiyo ndogo kati ya picha na tafsiri ndipo ulipoota mtindo wa kusimulia filamu ambao ungekuja kustawi miongo kadhaa baadaye katika mabanda ya vidio.

Maofisa wa filamu za kikoloni waliamini kwamba Mwafrika hakuweza kufuata picha zinazobadilika haraka, na Sellers alisisitiza filamu za mwendo wa polepole zisizo na ujanja wowote wa kamera. Imani hiyo ilitiliwa nguvu kwa visa walivyosimuliana. Kimoja kinahusu filamu ya malaria iliyomkuza mbu hadi akajaza pazia, na watazamaji wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa namna hiyo. Kingine kilisimuliwa na John Wilson, aliyeeleza jinsi filamu ya usafi wa mazingira ilivyoonyeshwa kwa wanakijiji ambao, walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji, ambao hawakujua kwamba kuna kuku, walilazimika kuikagua filamu picha kwa picha hadi wakamkuta ndege huyo akipita kwenye pembe kwa muda wa sekunde moja hivi. Visa hivi vilienea kama ushahidi wa ujinga wa watazamaji. Vikisomwa kwa haki, vinaonyesha jambo jingine kabisa: watu waliojua mbu na kuku kuliko mwenye kamera walikuwa wakiipima picha kwa maarifa yao, na aliyeshindwa kuitazama vizuri filamu ile ni yule aliyeitengeneza. Kumbukumbu za serikali zilihifadhi hukumu ya maofisa juu ya watazamaji, lakini hukumu ya watazamaji juu ya filamu ilipewa nafasi pale tu ilipowachekesha wakubwa.

Mjini hali ilikuwa ya ubaguzi wa wazi zaidi. Sheria ya kusimamia michezo ya kuigiza na maonyesho ya sinema ilikuwapo nchini tangu mwaka 1912, na wakaguzi walikuwa na mamlaka ya kuruhusu filamu kwa Wazungu na Wahindi huku wakiizuia kwa Waafrika, kwa hofu kwamba picha za uhalifu, za mapenzi au za Mzungu aliyefedheheka zingevunja heshima ya watawala. Katika mji wa walowezi kama Kitale, ambako hata hoteli na klabu zilitengwa kwa rangi, mfanyakazi wa shamba aliruhusiwa kuona filamu ya kumfundisha kufua nguo na kuweka akiba, lakini hakuruhusiwa kuona kila alichokiona mwajiri wake. Kukagua filamu namna hiyo kulikuwa ni kukiri, bila kutaka, kwamba serikali iliogopa maoni ambayo mtazamaji huyo angeyapata.

Sebule yenye televisheni

Televisheni ilianza kurushwa nchini Kenya mwaka 1962, kwa mtambo uliowekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru na uliofika maili chache tu, na mtambo wa pili ukajengwa Timboroa, juu ya nyanda za Bonde la Ufa, ili kuzifikia Nakuru na Kisumu. Mwaka 1964 shirika la utangazaji lilichukuliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, jina lililodumu hadi mwaka 1989 liliporudi kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Hadi kituo cha KTN kilipoanza mwaka 1990, kituo cha serikali kilikuwa pekee, na kwa watu wa mashambani kilibaki pekee kwa miaka mingi zaidi.

Kutazama kulitegemea nyumba chache zilizokuwa na seti. Ambako umeme haukufika, seti ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliendeshwa kwa betri ya gari, iliyopelekwa sokoni kuchajiwa na kurudishwa kwa baiskeli, na antena ilifungwa kwenye mti mrefu ambao kijana wa nyumbani aliuzungusha huku waliomo ndani wakipaza sauti kumwambia kama picha imesimama au imejaa chenga. Jioni ya kipindi kinachopendwa, majirani walijaa sebuleni, wazee kwenye viti na watoto sakafuni. Maoni ya sebule hiyo yalikuwa na adabu zake: mwenye nyumba ndiye aliyeamua kipindi na sauti, mgeni hakumpinga waziwazi, na watoto walicheka baada ya wakubwa kucheka. Mjadala wenyewe ulianza betri ilipoisha au taarifa ya habari ilipoanza, ukaendelea njiani na kesho yake kisimani.

Vipindi vya Kiswahili vya kituo hicho vilifaa sana kwa mjadala wa namna hiyo. Vioja Mahakamani, kilichochezwa katika mahakama ya kubuni, kilileta kila wiki kesi ya wizi, ya deni, ya ndoa au ya ulevi, na kikamwacha mtazamaji akiwa na hukumu yake mwenyewe kabla hakimu hajatoa yake. Vitimbi, ambamo Benson Wanjau, maarufu kama Mzee Ojwang', aliigiza pamoja na Mary Khavere aliyeitwa Mama Kayai, kilihusu mume, mke na ubishi wa nyumbani. Watu wa baraza, waliozoea kusikiliza kesi ya mpaka wa shamba kwa chifu, walikuta katika vipindi hivi jambo wanalolijua, na ndiyo maana mazungumzo yao yalihusu haki kuliko ufundi: swali lilikuwa kama mshtakiwa alionewa, na kama mwanamke yule alifanya vema kurudi kwao.

Lilikuwapo pia suala zito la kabila. Vichekesho hivyo vilitegemea lafudhi, na kila mhusika alitambulika kwa namna alivyotamka Kiswahili: jina Masanduku arap Simiti liliashiria Mkalenjin, Otoyo Mjaluo na Makokha Mluhya. Kwa watazamaji wa Bungoma, kumsikia mtu wa kwao katika chombo cha taifa kulikuwa na fahari, lakini lafudhi hiyo ilibandikwa mara kwa mara kwenye kazi ya upishi au ya ulinzi wa lango, na fahari ikachanganyika na maumivu. Suala hilo lilirudi kwa nguvu katika miaka ya 2000 kupitia Papa Shirandula cha Citizen TV, ambamo Charles Bukeko, msanii mwenye asili ya Busia aliyefariki Julai 2020, aliigiza mlinzi anayemficha mke wake Wilbroda kazi anayoifanya na kujifanya mtu wa ofisini. Hadithi hiyo iliweza kupendwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja: ilimpa mlinzi, ambaye familia nyingi za magharibi zina ndugu wa kazi hiyo Nairobi, nafasi ya kuwa kiini cha hadithi, lakini pia ilijenga kicheko chake juu ya aibu ya kazi hiyo. Mtazamaji aliyesema kwamba kipindi hicho kinamchekesha na kumuuma alikuwa amegusa jambo ambalo mhakiki wa chuo kikuu angeliandikia sura nzima.

Banda la vidio

Kanda ya vidio aina ya VHS, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1976, ilifika katika miji midogo ya Kenya katika muongo uliofuata na kuzaa taasisi mpya, banda la vidio. Banda lilikuwa chumba cha mabati au cha udongo chenye madirisha yaliyozibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyowekwa juu kwenye rafu na deki ya kuchezea kanda, na nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Kiingilio kilikuwa sarafu chache. Filamu za mapigano kutoka Hong Kong na Marekani ndizo zilizotawala, na Commando ya mwaka 1985, iliyochezwa na Arnold Schwarzenegger, ilijulikana hata na watoto wasiowahi kuingia bandani, kwa kuwa waliisikia ikisimuliwa na wenzao wakichunga ng'ombe.

Adabu ya sebule haikuwapo bandani. Kila aliyelipa alikuwa na haki sawa ya kusema, na maoni yalitolewa filamu ikiendelea: mhusika alionywa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, mwoga alizomewa na pigo zuri lilishangiliwa. Humo zilikua kanuni za uhakiki ambazo hazikuandikwa popote. Mhusika mkuu wa filamu ya mapigano aliitwa staringi, na kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba staringi hafi. Kanuni ya pili ilitaka adui mkuu aachwe hadi mwisho, na ya tatu ilimtaka staringi apigwe kwanza, hadi hadhira imwonee huruma, ndipo ainuke na kulipiza. Filamu iliyovunja kanuni hizo ilidai maelezo, na aliyeiona mapema alilazimika kuitetea au kuilaani. Mtu akizichunguza, anakuta kwamba zinahusu muundo wa hadithi, upangaji wa mgogoro na kilele chake, mambo yaleyale yanayofundishwa katika somo la fasihi kwa majina mengine.

Lugha ya filamu hizo ilikuwa Kiingereza au Kichina, na hapo ndipo mkalimani wa gari la sinema alipozaliwa upya. Nchini Tanzania alitokea msimuliaji aliyejulikana kama Lufufu, ambaye alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili; nchini Uganda, ambako Wabukusu wa Bungoma wana ndugu zao Wamasaba ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha, wasimuliaji waitwao maviijei walifanya kazi hiyo kwa Kiganda, na katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ambayo sauti ya msimuliaji ni sehemu yake. Nchini Kenya aliyevuma zaidi ni DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili cha mitaani. Ufundi wake unafaa kuangaliwa kwa karibu: hupunguza sauti ya asili bila kuizima, huwapa wahusika majina na tabia za mitaa ya Kenya, huongeza mazungumzo ambayo hayamo katika filamu, na pale tukio linapokosa mantiki husema waziwazi, akicheka pamoja na watazamaji. Kwa njia hiyo maoni, ambayo hapo awali yalitoka kwenye benchi, yaliingia ndani ya filamu na kuwa sehemu ya bidhaa inayouzwa. Katika Kitale, mji ambao Kiswahili ndicho kiungo cha jamii zake, usimulizi wa aina hii ulikuta hadhira iliyokwisha kuandaliwa na historia.

Wazazi, walimu na viongozi wa dini waliyashuku mabanda, na hawakukosa sababu, kwa kuwa wanafunzi walitoroka shule kwenda kutazama na filamu za watu wazima zilionyeshwa bila kuangalia umri wa waliokaa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyoanza kutumika mwaka 1963, inadai leseni kwa maonyesho ya hadhara, na bodi iliyokuwa ya ukaguzi, ambayo sasa ni Bodi ya Uainishaji wa Filamu, huzipanga filamu katika madaraja ya GE, PG, 16 na 18 kulingana na umri. Haki ya jamii kulinda watoto wake haina ubishi. Lakini banda lilipozungumziwa kama tatizo la nidhamu tu, ilisahaulika kwamba kwa kijana asiye na karo ya shule ya upili lilikuwa mahali pa pekee ambapo maoni yake kuhusu kazi ya sanaa yalisikilizwa na watu wengine.

Duka la muvi na uzito wa neno la muuzaji

Sahani za VCD na DVD ziliposhuka bei katika miaka ya 2000, kutazama kulianza kurudi nyumbani, na mahali pa mjadala pakahamia kwenye duka la muvi, kibanda chenye kompyuta, rafu za sahani na mabango ya filamu, ambako baadaye mteja alifika na flashi yake ili ajaziwe. Sahani moja iliyonakiliwa iliuzwa kwa takriban shilingi 50. Biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilivunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na kuwanyima wasanii haki yao, wakiwemo wa Kenya ambao soko lao lilikuwa changa, na hasara hiyo haipaswi kupuuzwa kwa sababu ya mapenzi ya hadithi. Pamoja na hayo, duka hilo lilikuza aina mpya ya mhakiki, yaani muuzaji mwenyewe, ambaye aliulizwa kila siku ipi ni nzuri na ambaye angempoteza mteja akidanganya. Alijua kwamba mama fulani anataka filamu za Nigeria, kwamba boda boda anataka za mapigano, na kwamba mwalimu anafuatilia sizoni, yaani tamthilia ndefu iliyogawanywa katika misimu, na hataki kuambiwa mwisho wake. Filamu ya Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, ilimtambua mtu huyu: Mwas, mhusika wake mkuu, anauza filamu mashambani kwa kuwaigizia wateja matukio yake kabla hajaenda Nairobi kutafuta uigizaji, na hivyo uuzaji, uhakiki na sanaa vinakuwa kazi moja.

Filamu za Nigeria, zilizoenea baada ya mafanikio ya Living in Bondage ya mwaka 1992, zilibadilisha pia nani anayesema. Bandani walitawala vijana wa kiume, lakini hadithi za mama mkwe, mke mwenza, urithi wa ardhi na uchawi ziliwapa wanawake mamlaka ya kutoa hukumu, kwa sababu hayo ni mambo wanayoyajua kwa undani kuliko wavulana wa mabenchi. Vituo vya televisheni vilipoziweka filamu hizo mchana pamoja na tamthilia za Amerika ya Kilatini, saluni na vibanda vya ushonaji vikawa mabaraza mapya, ambamo mwenendo wa mwanamke wa Lagos au wa Mexico ulipimwa kwa desturi za Webuye na Kimilili.

Shule nayo ilichangia kwa njia ambayo haionekani kwa urahisi. Katika mtaala wa 8-4-4 kila mwanafunzi wa kidato cha nne alisoma vitabu teule, na tamthilia kama Mstahiki Meya ya Timothy Arege na Kigogo ya Pauline Kea ziliigizwa na vikundi vilivyozunguka shuleni ili wanafunzi wazione kabla ya mtihani. Aliyejifunza kutaja maudhui, yaani mambo yanayozungumziwa na kazi, na kutofautisha mhusika bapa asiyebadilika na mhusika duara mwenye pande nyingi, aliondoka shuleni na msamiati huo akautumia kulalamikia tamthilia ya jioni. Kutoka Bungoma alitoka pia Chris Wanjala, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 2018, ambaye pamoja na vitabu vyake vya uhakiki aliendesha redioni kipindi cha kujadili vitabu na waandishi, akionyesha kwamba uhakiki unaweza kusikika na mtu aliyeketi nyumbani kwake. Kati ya profesa huyo na muuzaji wa muvi pana umbali mkubwa wa elimu, lakini wote wawili walitambua kwamba watu wanataka kuisikia kazi ya sanaa ikipimwa kwa sauti.

Kutoka antena hadi simu

Mwezi Februari 2015, serikali ilipozima mitambo ya analojia katika mgogoro wa kuhamia mfumo wa dijitali, vituo vya Citizen, NTV na KTN vilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu. Tukio hilo lilionyesha jinsi televisheni ilivyokuwa imeshika ratiba ya jioni, na lilizilazimu familia kununua visimbuzi, yaani vifaa vya kupokelea matangazo ya dijitali, gharama iliyowaelemea wengi wa mashambani. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta kwamba ni takriban asilimia 40 tu ya kaya za Kenya zilizokuwa na televisheni inayofanya kazi. Kwa hiyo kutazama kwa jirani, hotelini au katika ukumbi wa mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao ndio mrithi wa banda la vidio, hakujakoma.

Wakati huohuo redio za mahali zilipanua uwanja wa maoni. West FM ya Bungoma, Sulwe FM inayotangaza kwa Kilubukusu na redio ya Imani ya Kanisa Katoliki mjini Kitale ziliwazoesha wasikilizaji kupiga simu na kusema walichonacho, na tabia hiyo ya kusema kwa lugha yao mbele ya umati usioonekana ilihamia kwenye makundi ya simu. Tamthilia ya Kiswahili kama Maria, iliyovuta watazamaji wengi wa Citizen TV kuanzia mwaka 2019, au Country Queen, ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa na Netflix mwaka 2022, ilijadiliwa usiku uleule kwa ujumbe wa sauti uliochanganya Kiswahili, Kilubukusu na Sheng. Jambo lililopatikana ni uhuru, kwa kuwa binti ambaye sebuleni angenyamaza mbele ya baba mkwe sasa anasema anachofikiri. Jambo lililopotea ni ulazima wa kusikia maoni ya asiyekubaliana nawe, ambao benchi la banda na sakafu ya sebule viliuweka bila kumuuliza mtu.

Maoni ya kuhifadhiwa

Ukiangaliwa kwa ujumla, mwendo huu wa zaidi ya miaka 80 una uzi mmoja. Maofisa wa kikoloni walidhani mtazamaji wa mashambani hajui kutazama, wakaguzi wakadhani hafai kutazama, na waandishi wa historia wakadhani hana la kusema; yeye kwa muda wote huo aliipima kila picha kwa haki, kwa ukweli wa maisha anayoyajua na kwa ufundi wa hadithi, akabadilisha lugha na mahali kila chombo kilipobadilika. Kumtoa katika historia ni kuiacha historia hiyo nusu, kwa sababu filamu isiyozungumzwa na mtu haijawahi kuishi katika jamii hata kama ilionyeshwa kila wiki.

Hatari iliyopo ni kwamba ushahidi wa mazungumzo hayo unapungua kila mwaka. Waliosikiliza mkalimani wa gari la sinema wanazeeka na kuondoka, mbao za chaki zilifutwa, kanda zilioza, na ujumbe wa simu hufutwa ili kupata nafasi. Makumbusho ya Kitale, ambayo chanzo chake ni mkusanyo wa Kanali Hugh Stoneham ulioanza mwaka 1926 na ambayo ilifunguliwa kama makumbusho ya taifa ya magharibi mwa Kenya mwaka 1974, inahifadhi vizuri vipepeo, ndege na vyombo vya jadi. Ingefaa makumbusho hiyo, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Kibabii kilichoko Bungoma, irekodi pia sauti za waliotazama: mwenye nyumba iliyokuwa na seti ya kwanza kijijini, aliyeandika ubao wa banda, muuzaji wa muvi, na wanawake wa saluni waliomhukumu mama mkwe wa Lagos. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama, kwa kuwa simu ileile inayofuta maoni ya leo ndiyo inayoweza kuyarekodi ya jana. Inahitaji tu taasisi itakayokubali kwamba neno la mtazamaji ni hati ya historia, na kuanza kulikusanya wakati waliolisema bado wapo.